Nje ya Dirisha la Darasa la Nne

Mwanangu Saumu,

Umekwenda kwa Bibi kusukwa, na Bibi unamjua, hamalizi kichwa kabla hajamaliza habari za watu wote wa Nangurukuru. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa mlangoni, nimechana karatasi za katikati ya daftari lako la zamani, na peni hii nimeiazima kwa kijana wa duka la jirani. Nimemwambia naandika orodha ya vitu vya kununua. Uongo mwingine huo, lakini ule mkubwa ndio unaonikalisha hapa.

Mambo ya mswaki, ya kufua soksi kila siku, ya kuwaamkia wakubwa hata kama hawakuoni, nimekwisha kukuambia mpaka umefika kunijibu, "Mama, nimesikiaaa," kwa ile sauti yako. Sirudii. Begi liko tayari, sare imekunjwa, karatasi ya uhamisho iko kwenye bahasha. Kesho asubuhi unapanda basi la Lindi, na Madamu Anasta atakupokea stendi.

Lakini kuna jambo sijakuambia. Nimejaribu mara tatu kwa mdomo. Mara ya kwanza ulikuwa unacheka, nikaona nisikuharibie. Mara ya pili akaja mteja. Mara ya tatu hapakuwa na mteja wala kicheko, niliogopa tu.

Jambo lenyewe ni hili. Wewe unadhani Madamu alikuwa hakutaki, halafu akabadili mawazo akakuomba. Sivyo. Alikuomba mwezi wa tano, kabla hata hamjatangaziwa darasani kwamba anahamishwa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba wewe umekataa.

Soma tena hapo kama hujaelewa. Nami nimeyasoma mara mbili baada ya kuyaandika.

Alikuja kibandani asubuhi moja, abiria wa mabasi ya Dar wameshaondoka, mimi nafuta meza. Akaomba chai. Akasema, "Mama Saumu, nimepata uhamisho. Nakwenda Lindi mjini, muhula ujao naanza huko. Nimekuja kukuomba Saumu."

"Kuniomba vipi?"

"Nikae naye mpaka amalize la saba. Ana kichwa huyu mtoto, na hapa darasa moja wako tisini. Likizo zote anarudi kwako."

Nikamwambia, "Na mtoto wako mchanga nani analea?"

Akacheka. Akanielewa. "Mama yangu anakuja kutoka Newala. Simchukui Saumu awe yaya. Ningetaka yaya ningesema yaya."

Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Sikukuuliza. Siku mbili nzima ulikuwa hapa unaosha vikombe, unaimba nyimbo zenu za shule, mimi nakutazama mgongo na siulizi. Siku ya tatu, Jumapili ya kuamkia wiki ya kufunga shule, Madamu akapita tena, nikamwambia, "Mwenyewe kakataa. Nimembembeleza, hataki. Amesema hataki kukaa na wewe."

Hayo ya mwisho niliyaongeza. Hakuna aliyeniuliza. Yalitoka tu, na yalipotoka nilihisi utamu, kama mtu anayejikuna upele.

Akasema, "Aa. Basi. Mtoto asilazimishwe." Akaondoka, chai kaiacha nusu kikombe.

Sasa ningeweza kujitetea, na nina utetezi mzuri. Unajua kwamba nilipokuwa na umri kama wako, mama mdogo wa Mtwara alikuja kunichukua kwa Bibi akasema nakwenda kusoma. Sare ilinunuliwa kweli. Ikatundikwa kwenye msumari, nikawa naitazama nikifua nepi za watoto wake mapacha. Mwaka na zaidi. Bibi alipokuja kuniona alikuta nimesahau hata kujumlisha kwa kubeba, akanirudisha siku ileile, wala hakunywa maji pale. Nilirudi darasa nililoliacha, nimewapita wenzangu kimo kama mlingoti wa bendera, na wananiita Mama wa Darasa. La saba nilimaliza kwa kujikokota.

Kwa hiyo nilipomwambia Bibi kwamba Madamu amekuomba na mimi nimekataa, aliniunga mkono palepale. "Umefanya la maana. Watoto wa kuazimwa wanarudi na sugu." Na mtu yeyote hapa stendi ningemsimulia ya Mtwara angesema mama yule ana haki, ameshaumwa na nyoka.

Lakini, Saumu, siku ile nilipofungua mdomo kumdanganya mwalimu wako, Mtwara sikuikumbuka hata kidogo. Niliikumbuka baadaye, nilipohitaji sababu. Niliona wivu. Ndiyo hivyo, hakuna neno lingine.

Wivu wenyewe ulianza mlipoingia la tatu. Mwanzo ilikuwa "Madamu anasema" mara moja kwa siku. Halafu ikawa kila ukifungua mdomo. Mimi nikikwambia chemsha maji, unasema unachoka. Madamu akisema chemsheni maji, unarudi unanifundisha mimi kuchemsha maji! Ukataka madaftari yafunikwe kwa gazeti kama ya Madamu. Ukaanza kucheka kwa kuziba mdomo na kiganja, kwa sababu yeye hucheka hivyo, na mimi nilikuzaa unacheka meno yote nje kama babu yako. Halafu ile malaria ya mwaka jana. Nimekukanda kwa kitambaa, nimekutilia maji mdomoni kwa kijiko, wewe ukafumba macho ukaita, "Madamu." Nilikujibu, "Abee." Homa ilikuwa kali, hukujua ni nani aliyeitika.

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipokuzaa. Baba yako alifuata biashara ya ufuta Nachingwea, na ufuta ukamwoza mke mwingine huko. Sikulaumu mtu. Nilijiambia mimi nina changu, hakiendi popote. Ndiyo maana yule mwanamke, na viatu vyake vya kufunika na sauti yake ya taratibu, nilimwona kama mtu aliyeingia kibandani kwangu akaanza kuwagawia watu chakula nilichopika mimi.

Sasa nikueleze ile wiki, kwa sababu wewe uliiona kutoka ndani na mimi niliiona kutoka nje.

Unakumbuka wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule ilikuwa zamu yangu ya kupika uji. Kibanda nikamwachia mama mdogo wako Asha. Nikawa naamka alfajiri kusukuma chapati zake, halafu nakwenda shuleni na Mama Shamte, maana zamu ni ya wawili wawili. Usingizi nilikuwa naupata nikikoroga. Na jiko la shule, wewe unajua lilipo, nyuma ya darasa lenu kabisa, mafiga yako hatua kumi kutoka dirishani. Kila kilichosemwa humo nilikisikia. Mama Shamte naye alisikia, lakini yeye alikuwa anamsikiliza Shamte wake tu, akikosea jibu anasonya mpaka majivu yanaruka.

Jumatatu mlisoma kitabu cha hadithi. Ulinyoosha mkono kabla Madamu hajamaliza kusema nani asome. Ukawa umesimama nusu, unapiga vidole, "Mimi Madamu! Mimi Madamu!" Yeye akatazama upande wa pili. "Wengine." Akasoma mtoto mwingine. Ukanyoosha tena. "Wengine, Saumu, wengine."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikoroga ule uji kwa nguvu mpya. Nikasema moyoni, umeona, kumbe mapenzi yake ni ya mdomoni tu, ukimkataa anakukataa.

Wewe ulikuwa hujamkataa, lakini hilo nililiweka pembeni.

Jumanne ilikuwa hisabati, sehemu. Madamu akachora duara ubaoni akasema aje mtu aligawe vipande vinane sawasawa. Akaenda Shamte, akachora mistari kama miale ya jua, kipande kimoja kikubwa kama ubao wenyewe na vingine kama kucha. Madamu akasema, "Hiki cha mwenyekiti wa kijiji, na hivi vya wapiga kura wake." Darasa likaangua kicheko. Mama Shamte akaniambia, "Mwenzangu, mwanangu atakuja kula nchi yule." Nami nilicheka.

Halafu ukaenda wewe. Nilinyanyua shingo. Ukachora mstari mmoja katikati. Ukachora wa pili ukaukata ule wa kwanza. Halafu ukazigawa robo, moja baada ya nyingine, na vipande vyote vikatoka sawa. Ukasema kwa sauti, "Hutafuti pembeni. Unaanza katikati, halafu kila upande unauanzia katikati."

Saumu! Hayo ni maneno yangu. Neno kwa neno. Ndivyo ninavyokuambia tukikata unga wa chapati kuwa madonge: usitafute pembeni, anza katikati. Tangu ukiwa na miaka sita unasimama kwenye ndoo kunisaidia. Nilisikia fahari imenipanda mpaka masikioni, nikataka kumwambia Mama Shamte, umesikia?

Madamu akauliza, "Vizuri. Nani kakufundisha?"

Ukasema, "Wewe, Madamu."

Sijui nilisimama pale muda gani na mwiko mkononi. Kilichonishtua ni moshi, na Mama Shamte anapiga kelele, "We Mama Saumu, uji unaungua na wewe unausindikiza kwa macho!" Tukaepua, tukamimina juu juu tukauacha ukoko, lakini moshi ulikuwa umeshaingia. Watoto walipopanga foleni wakaanza, "Leo uji wa gari bovu!" "Uji wa Mama Kitunguu!" Maana najua wanakuita kitunguu saumu, na wewe siku zote unawarudishia maneno mpaka wanajuta. Siku ile hukuwarudishia. Ulichukua kikombe chako ukanywa wote, hukumtazama mtu, hukunitazama na mimi.

Nilidhani unanionea aibu. Nikakununia mpaka jioni. Ndiyo, nilikununia, na wewe hukujua kosa lako.

Jumatano asubuhi uliniomba chapati moja, nikakukatalia, nikasema za wateja. Ukachukua moja nyuma yangu. Nilikuwa nimezihesabu, nilijua, nikanyamaza nione unaipeleka wapi. Wakati wa mapumziko nikaona. Ulimfuata Madamu mlangoni, chapati umeifunga kwa karatasi ya daftari, umeishika kwa mikono miwili. Akaitazama. Akasema kwa upole, lakini ule upole wa ofisini, "Ahsante, Saumu. Mrudishie mama. Mimi nimeshiba."

Ukazunguka nyuma ya stoo ya majembe. Nilikuona ukiila umeelekea ukutani, haraka haraka, kama dawa.

Hapo palitaka kunivunja. Nilipiga hatua mbili kuja kwako. Halafu nikawaza, angekuwa mwalimu mwingine asingempelekea chapati zangu. Nikarudi kwenye uji.

Alhamisi hukunyoosha mkono hata mara moja. Madamu aliwafundisha kuandika barua ya kirafiki: anwani juu kulia, tarehe chini yake, salamu, kiini, hitimisho. Mimi nilijifunza vizuri kuliko nyie, nilikuwa nayarudia kimoyomoyo na mwiko. Lakini kama unavyoona hapa, anwani nimeiruka, sioni sababu ya kukuandikia anwani ya nyumba unayoijua. Barua hii ina makosa mengi. Usimpe aisahihishe.

Jioni ile tulikuwa tunaosha vikombe kibandani. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, mtu anaweza kukuchukia na hujamfanya kitu?"

Hilo swali ndilo nililokuwa nalisubiri wiki nzima bila kujua. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa jepesi kabisa: hapana mwanangu, hakuchukii, mimi ndiye niliyemdanganya.

Nikakujibu, "Watu ndivyo walivyo. Walimu ndio zaidi. Leo wanakupenda, kesho wana mwingine."

Ukasema, "Haya." Ukapangusa kikombe kilekile mara tatu.

Mwanangu, nimefanya makosa mengi. Nimewahi kukuchapa kwa kosa la mtu mwingine. Nimewahi kukusahau kwenye msiba wa Somanga, nikapanda gari, ukarudishwa na watu baki. Yote hayo ukinikumbusha nacheka au nalia, inapita. Hilo la Alhamisi halipiti. Yale mengine niliyafanya kwa uchovu au haraka, na lile nililifanya nimekaa, mikono iko kwenye maji ya vuguvugu, nakuona vizuri.

Ijumaa Madamu aliwaaga. Alimwita mtoto mmoja mmoja mbele, anampa penseli na mkono. Wengine walilia, Shamte akalia kuliko wote mpaka mama yake akajifanya moshi umemwingia machoni. Ikafika zamu yako. Ulikwenda polepole. Ukapokea penseli. Akakunyooshea mkono. Ukauweka wako nyuma ya mgongo, ukasema, "Shikamoo, Madamu," ukageuka ukarudi kukaa.

Hakuitikia. Akainua macho akatazama nje ya dirisha, moja kwa moja kwangu, na nikasoma usoni mwake: kumbe kweli alisema hanitaki.

Wewe mwenyewe ukawa umeuthibitisha uongo wangu. Sikuwa na haja ya kuongeza kitu. Nilipata nilichotaka, kila mmoja kamwacha mwenzake, na mtoto amebaki wangu peke yangu. Nikawa nakoroga.

Mama Shamte akasema, "Mwenzangu, unakoroga nini? Sufuria tupu hiyo, tumeshagawa."

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake. Sikukuambia, nilisema nafuata mkaa. Nilimkuta anafunga vitu kwa kamba, mtoto mgongoni, maboksi ya vitabu mlangoni. Na ukutani kuna picha uliyochora wewe, ya kibanda chetu, na mimi ndani yake nimeinama kwenye chapati. Picha nzuri. Hujawahi kuniletea. Hata pale, nimekwenda kuomba msamaha, nikaona wivu.

Nikamwambia wima wima, bila kukaa. "Madamu, Saumu hajakataa. Sijamuuliza kamwe. Nilikudanganya."

Aliiacha kamba. Akakaa juu ya boksi. Nilitegemea ataniambia ameelewa, mama ni mama, walimu ndivyo wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Siku ngapi hizi?" akauliza. "Tangu Jumatatu. Siku tano nimemsusia mtoto wa miaka kumi. Ameninyooshea mkono mimi nageuza uso. Kaniletea chapati nikairudisha. Mwalimu mzima nasusa na mtoto, kwa ajili yako!"

"Nimekosa."

"Umekosa, na mimi nimekosa. Lakini lako ndilo kubwa."

"Ndilo kubwa," nikasema.

Mtoto wake akaanza kulia mgongoni, akambembeleza bila kunitazama. Kisha akasema, "Mimi nitamchukua, kama mwenyewe anataka. Leo hii muulize, tena umuulize kweli. Lakini haya mengine umwambie wewe. Mimi simwambii. Ukinyamaza, atakaa kwangu miaka mitatu akidhani nilimchoka nikamwonea huruma. Utaweza kulala?"

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Nilirudi nikakuuliza. Uliruka mpaka ukaangusha ndoo. "Kabadili mawazo! Mama, Madamu kabadili mawazo!" Na mimi nikasema ndiyo, kabadili. Kwa hiyo unaona, hata baada ya kukiri kwa mwingine, kwako nilidanganya tena, kwa neno moja tu hilo. Zimepita wiki tatu.

Sina mafundisho makubwa, Saumu. Nilichojifunza ni kidogo, na aliyekilipia ni wewe. Wivu hauji na jina lake. Kwangu ulikuja na jina la Mtwara, na jina la Bibi, na jina la uchungu wa mama, na majina yote hayo ni ya kweli. Siku moja utakuwa na sababu tatu nzuri za kumnyima mtu kitu. Itafute ya nne.

Na usidhani wivu umeniisha. Kesho utaondoka na huu wivu nitabaki nao hapa, nitaupikia na kuulaza. Najua atakusuka yeye. Najua siku utakayopata matokeo utamwambia yeye kwanza, kwa kuwa yuko karibu. Ukijisikia kumwita mama, mwite, mdomo ni wako, ila usinisimulie. Lakini ile ya kuanza katikati ni yangu. Ukiulizwa tena nani kakufundisha, sema. Najua sasa kwa nini ulisema ni yeye. Ulikuwa unamtafuta akutazame. Nimeelewa na imeniuma, yote mawili.

Na hili silisemi kwa upole. Kumbeba mtoto wake, kufagia, kuteka maji, fanya, ni nyumba unayoishi. Kukosa shule, hapana. Siku moja tu ukikosa kipindi kwa sababu ya kazi ya mtu, hata kama ni yeye niliyemwomba msamaha, unanipigia na mimi napanda basi la kwanza. Sitabisha hodi. Msamaha niliomba kwa kosa langu, sikuuza macho yangu.

Sasa nikuambie nilivyopanga. Nilipanga barua hii niifiche chini ya sare, uikute Lindi. Nimeiandika mpaka hapa nikiamini hivyo. Halafu nikakuona kichwani ukiisoma kule, umekaa kwenye kitanda kigeni, unalia au umekasirika, na mlango unafunguliwa, anaingia yeye. Anakaa kando yako. Anakufuta. Anakuambia mama yako anakupenda, msamehe. Na mimi niko huku nasukuma chapati, niko mbali na hasira zako, nimekaa salama kabisa.

Hapana. Hizo hasira ni zangu, nimezitafuta mwenyewe, sitaki mtu mwingine azipokee kwa niaba yangu. Ndiyo, ni wivu uleule, naijua sauti yake. Lakini safari hii naona umesema kweli.

Nasikia Bibi anakuaga kule nje, na wewe unamjibu unacheka. Ukiingia utanikuta nimekaa hapahapa. Nitakupa karatasi hizi mkononi. Kaa, soma taratibu, nichukie kiasi unachotaka, uliza unachotaka. Ukiamua usiende, begi nitalifungua mimi. Ukiamua uende na usiseme nami mpaka stendi, tutatembea hivyo hivyo kimya. Sitainuka kujifanya nina kazi.

Mama yako.